Je, makocha wa vyuo vya Marekani wanafanya sawa kuufuta mtupo wa masafa ya kati?

Mleta mada, Dar es Salaam:

Waungwana, naleta kwenu suala ambalo kila Machi, mashindano ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yanapoanza, hunigombanisha na watu ninaotazama nao. Makocha wengi wa mpira wa kikapu katika vyuo vya Marekani siku hizi huwafundisha wachezaji wao kwamba mitupo ya maana ni miwili tu, wa chini ya kikapu na wa nje ya mstari wa pointi tatu, na kwamba eneo lote la katikati ni njia ya kupita. Hesabu yao ni nyepesi na sina ugomvi nayo. Timu inayoingiza mitupo 34 kati ya 100 ya pointi tatu huvuna pointi 102, ilhali mchezaji anayerushia hatua mbili ndani ya mstari na kuingiza 40 kati ya 100 huvuna 80. Ninachokipinga ni kuigeuza hesabu hiyo kuwa amri.

Takwimu hurekodi mahali mchezaji aliporushia; hazirekodi mahali alipokusudia kufika. Waliomfuatilia Hasheem Thabeet wetu akiwa UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kuanzia 2006 hadi 2009, watanielewa haraka. Alikuwa na urefu wa mita 2.21, na kwa maoni yangu kazi yake kubwa haikuwa ile mipira aliyoizuia kwa mkono, bali ile ambayo haikuletwa kwake kabisa: mchezaji wa timu pinzani anaingia kwa kasi, anamwona Thabeet amesimama chini ya kikapu, anasita, anakomea karibu na mstari wa mitupo huru na kurusha kwa kujihami. Katika daftari la takwimu mchezaji huyo amechagua mtupo mbaya. Ukweli ni kwamba Thabeet ndiye aliyemchagulia.

Tazameni pia fainali ya 2024 kule Glendale, Arizona. Chuo cha Purdue walikuwa na Zach Edey, mwenye futi saba na inchi nne, na walikuwa miongoni mwa timu hodari zaidi nchini kwa pointi tatu. Msimu mzima, ukimzonga Edey kwa watu wawili, mpira ulitoka nje na ukaadhibiwa. UConn wa kocha Dan Hurley wakaamua kumwachia Edey mtu mmoja apambane naye, na wengine wote wakawaganda warushaji. Edey akafunga pointi 37. Purdue kwa ujumla wao wakajaribu pointi tatu mara saba tu, wakaingiza moja, wakalala kwa 75 dhidi ya 60. Mtaniambia kwamba huo nao ni ushindi wa takwimu, nami nakubali, ila safari hii zilikuwa mikononi mwa waliokuwa wakizuia. Pande zote mbili zinapokuwa zimesoma kitabu kimoja, mtupo anaoachiwa mshambuliaji ni ule ambao kocha wake alimkataza kuufanyia mazoezi.

Tena mashindano ya NCAA ni ya mtoano. Machi 27, 2025, chuo cha Alabama waliwapiga wenzao wa BYU 113 kwa 88, wakajaribu pointi tatu mara 51 na kuingiza 25, rekodi ya mashindano hayo. Mark Sears peke yake aliingiza kumi. Siku mbili baadaye, katika ukumbi uleule wa Newark, Duke waliwatoa kwa 85 dhidi ya 65, na pointi tatu za Alabama ziliingia 8 kati ya 32. Wastani wa msimu haukuwaokoa, kwa sababu katika mtoano hakuna siku ya pili ya kusawazisha.

Jambo hili halipo mbali nasi. Tangu 2019 mstari wa vyuo kwa wanaume uko mita 6.75 kutoka kikapuni, sawa na wa FIBA, shirikisho la kikapu duniani, tunaouchora huku. Jumamosi moja, katika uwanja wa saruji hapa mjini, nilimwona kijana wa kama miaka kumi na mitano amepokea pasi akiwa hatua mbili ndani ya mstari, hana mtu mbele yake. Akatazama chini, akapiga dribo kurudi nyuma hadi viatu vyake vikavuka rangi, na kufikia hapo beki alikwisha kumfikia. Naomba hoja.

Mchangiaji, Nairobi:

Mleta mada, heshima yako, lakini naona umewahukumu Alabama kwa usiku mmoja. Chuo hicho hakikuwahi kufika nusu fainali katika historia yake hadi 2024, kilipokuwa chini ya Nate Oats, aliyekuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari kule Michigan, kwa mtindo huohuo wa kurusha pointi tatu bila woga. Kumlaumu kwa kipigo cha Duke ni sawa na kumlaumu mkulima kwa kupanda mahindi kwa kuwa mvua za mwaka mmoja zilikata. Isitoshe, Duke walikuwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, mwenye futi saba na inchi mbili. Kwa maelezo yako mwenyewe kuhusu Thabeet, ungetaka Alabama waende kurushia wapi, mbele ya mkono wake?

Wala hesabu hizi hazikuletwa na kompyuta. Kocha maarufu Dean Smith alikuwa akihesabu pointi kwa kila umiliki wa mpira tangu miaka ya 1950, akiwa kocha msaidizi wa chuo cha jeshi la anga, kabla hajaenda North Carolina.

Hoja yangu kubwa, hata hivyo, ni muda. Kanuni za NCAA humruhusu kocha saa 20 tu kwa wiki na wachezaji wake msimu ukiwa umeanza, na ndani ya saa hizo kuna ulinzi, ribaundi, mbinu za kumkabili mpinzani wa wiki hiyo, hata kuinua vyuma. Wachezaji wa kulipwa wanaojulikana kwa mtupo wa katikati waliujenga kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa miaka 19 ataupatia wapi muda huo, na kocha atamnyang'anya mazoezi gani ili ampe?

Mleta mada:

Ndugu yangu wa Nairobi, hoja ya saa 20 imenishika pabaya, na siwezi kudai tena kwamba timu nzima ifundishwe mtupo huu. Kuhusu Maluach pia umenipata, ingawa mrefu wa namna hiyo hukaa karibu na kikapu, na mtupo wa mita nne au tano haupiti mkononi mwake akiwa amebaki kule nyuma.

Lakini wewe Mkenya umemsahau Tylor Ongwae, aliyepitia chuo cha Louisiana Monroe. Februari 2021 kule Yaoundé, Kenya ikiwa nyuma ya Angola 73 kwa 72, saa inaelekea sifuri, hakukimbilia nje ya mstari. Aliruka akarusha akiwa na beki kifuani, ikaingia, ikawa 74. Ukiwa nyuma kwa pointi moja na mpira ni wa mwisho, pointi ya tatu haina thamani yoyote, na ile 102 dhidi ya 80 niliyoitaja mwanzoni inageuka kuwa 34 dhidi ya 40. Kwa hiyo hata mwalimu wa hesabu anapaswa kuwa na mtu wa dakika hiyo. Katika saa zako 20 sasa naomba dakika arobaini, kwa wachezaji wawili tu. Utaninyima?