Mkaguzi wa hesabu achaguliwe na nani?

Wa Kampemba: Nauliza wakubwa na wadogo wa mitaa yote ya Lubumbashi, Kongo: inakuwaje kampuni imchague mkaguzi wa hesabu zake, imlipe yenyewe, kisha sisi tuiamini hati yake? Mimi nasema ada iingie kwenye mfuko wa ONEC, chama cha wahasibu, na chama ndicho kipange nani aende wapi.

Nilikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya shaba, njia ya Kipushi. Kwetu mwaka wa hesabu unafungwa tarehe 31 Desemba, mvua imekolea. Kijana wa ukaguzi akafika saa nne, viatu vyeupe, uwanja wote tope. Mabunda ya shaba yalipangwa safu kwa safu, kila bunda tani mbili na zaidi. Akasimama barazani, akahesabu safu ya mbele, akauliza safu ni ngapi, akazidisha. Safu za nyuma zilikuwa na mapengo ya kuegesha pikipiki. Saa saba yuko mezani na wakubwa, bukari na samaki. Hati ikatoka safi.

Wa Katuba: Yaya, mkubwa wangu, hapo mwenye kosa ni mvivu yule, si sheria. Mimi niko ndani ya kazi hii. Tangu 2012 tumo OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na humo komisa wa hesabu, yaani mkaguzi huyo, wa kampuni ya hisa hachaguliwi na mkurugenzi. Mkutano mkuu wa wenye hisa ndio unamteua, kwa miaka sita, na kumtoa kabla ya muda ni mpaka mahakama. Akikuta jinai anatakiwa aifikishe kwa mwendesha mashtaka. Akimaliza, haruhusiwi kuwa mkurugenzi pale pale kabla miaka mitano haijapita. Mnataka nini tena? Mkipanga kwa zamu, ukaguzi wa mgodi utamwangukia mtu aliyezoea hesabu za duka la vitenge.

Wa Kampemba: Mkutano mkuu! Mdogo wangu, nimeona kampuni wenye hisa watatu, mmoja ndiye bosi, wa pili shemeji yake. Na hiyo miaka sita inarudiwa. Kule Uingereza wakaguzi wa KPMG waliikagua Carillion, kampuni ya ujenzi, miaka 19, hadi kampuni ilipoanguka Januari 2018. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeshaweka kikomo cha miaka kumi kwa kampuni za soko la hisa, ingawa nchi inaweza kuongeza. Hata kikomo hicho tu kwetu kingekuwa kitu.

Wa Kamalondo: Miaka ni jambo dogo. Mwaka 2000 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliilipa Andersen, mkaguzi wake, dola milioni 25 za ukaguzi, na milioni 27 za ushauri na kazi nyingine. Mkono mtupu haulambwi, na ule ulikuwa umejaa pande zote. Enron ilianguka 2001, na 2002 Marekani ikakataza mkaguzi kumuuzia anayemkagua nyingi za kazi hizo. Nami naishia hapo: ukikagua, usiuze ushauri mlango ule ule. Mfuko wa ONEC unanitia hofu zaidi. Nani ataukagua?

Wa Ruashi: Babá zangu, mnaongea kana kwamba mali ni ya wenye hisa peke yao. Sheria ya madini ya 2018 inataka mgodi utoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa jirani. Ni ya mauzo, si ya faida. Mauzo yakiandikwa pungufu, kisima chetu ndicho kinapungua, na hakuna mwenye hisa atakayelalamika, maana kwake kiasi hicho kimebaki mfukoni. Mkaguzi anawaandikia wao. Sisi hatumjui hata sura. Mimi sishughuliki na nani anamlipa. Nataka ukurasa wa mauzo, na sahihi yake chini, ubandikwe ukutani pa komini, ofisi ya mtaa wetu, tuusome.

Wa Katuba: Mama, hilo nalikubali bila ubishi. Ila yaya wa Kampemba, nina swali. Kwenye kazi zangu ile karatasi ya kuhesabu ghala ina sahihi mbili, ya mkaguzi na ya upande wa ghala. Siku ile, sahihi ya pili ilikuwa ya nani?

Wa Kampemba: Yangu. Mikataba yetu ilikuwa ya miezi mitatu mitatu, na wangu ulikuwa unaisha siku ile ile.