Acheni kuandika "wapya karibuni" kama hamtaki wapya. N'shachoka na meza za RPG mtandaoni

Assalamu alaykum wana jukwaa. Naandika nina hasira, na sitaki mtu aje kuniambia nipoe kwanza ndiyo nizungumze.

Nani kawafundisha hawa watu kutia "wapya wanakaribishwa" kwenye kila tangazo la meza, halafu mpya akipiga hodi wanajifanya hawapo?

Kwa asiyejua: ni michezo ya mezani ya kuigiza, hii inayoitwa RPG. Watu watatu mpaka watano wanakaa na msimulizi mmoja, na kundi hilo ndilo linaloitwa meza. Msimulizi anaeleza mahali na kilichopo, kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na shaka inatupwa dadu, mara nyingi ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika wako. Ukifikia namba iliyowekwa umefaulu, usipofikia mambo yanaharibika na hadithi inaendelea kutokea hapo hapo. Ni paukwa pakawa ambayo anayeitikia naye ana haki ya kuigeuza hadithi. Dungeons & Dragons, ulio mashuhuri kuliko yote, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Siku hizi hata meza yenyewe si lazima. Watu wanakutana kwa sauti kwenye Discord, programu ya mazungumzo, ramani na dadu zinakuwa kwenye Roll20 au Foundry, ambazo ni meza za mchezo za kwenye kompyuta, na mtu wa Wete, Pemba, anaweza kucheza na mtu wa Toronto. Anaweza, kama watamfungulia mlango.

Mie niko Wete. Dadu ya pande 20 sijapata kuiona dukani, si hapa wala Chake wala Darajani nilipokwenda Unguja. Kwa hiyo mtandaoni ndiyo njia niliyonayo.

Nianze na fomu. Tangazo linasema: wapya karibu, uzoefu hauhitajiki, tutakufundisha kila kitu. Unabonyeza, unakutana na maswali. Umeanza kucheza lini? Taja michezo uliyocheza. Umewahi kuendesha meza? Andika mfano wa mhusika wako akizungumza. Andika historia ya mhusika, isipungue maneno mia tano. Mtu aliyesema hahitaji uzoefu, maswali yake matatu ya mwanzo yote ni ya uzoefu!

Nikaandika, na niliandika kwa moyo wote. Mhusika wangu ni binti wa nahodha wa jahazi kutoka kisiwa cha mikarafuu. Baba yake alipeleka mzigo kwenye ngome ya mtawala dhalimu na hakurudi, na binti anataka kuingia ndani ya ngome hiyo kumtafuta. Ngome niliichukua Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba. Sisi wa Pemba hadithi zake tumelelewa nazo: wazee wanasimulia kwamba watu aliwabebesha mawe ya kujengea huku wakijikokota kwa makalio, na kwamba kisima kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane wakiteka maji. Msimulizi gani anayejua kazi yake anapewa kisima cha namna ile asitake kukitumia? Katika kisima kile peke yake mna vikao vitatu vya mchezo.

Nikatuma. Kimya. Baada ya muda naliona tangazo lile lile limepandishwa upya, maneno yale yale, wapya karibu, nafasi mbili zimebaki. Nafasi zipo na mie nimekaushiwa! Nikamwandikia mwenye meza kwa adabu, nikamuuliza kama fomu yangu ilifika. Akajibu mstari mmoja: tunatafuta mtu atakayeendana na kundi zaidi. Kuendana kwa lipi? Sauti yangu hajaisikia, kikao kimoja hajacheza na mie. Alichokijua ni ninapoishi na kwamba sijawahi kucheza, na hilo la pili yeye mwenyewe ndiye aliyesema si tatizo.

Kukosa nafasi sikulalamikii. Wasimulizi ni wachache na wachezaji ni wengi, meza ya watu wanne inaombwa na watu chungu nzima, lazima wengi warudi mikono mitupu. Ninachokilalamikia ni mtu kuandika jambo asilokuwa na nia nalo. Unataka waliokwisha kucheza, andika unataka waliokwisha kucheza. Nitapita, nitakuheshimu, na jioni yangu nitaifanyia jambo jengine.

Sasa saa. Kuna meza moja ilinikubali, nilifurahi mno. Tangazo limeandika kikao kinaanza saa moja ya usiku, EST, yaani saa za mashariki ya Marekani za wakati wa baridi. Saa moja ya usiku ya EST kwetu ni saa tisa ya usiku. Sawa, nikakubali, kwa sababu naupenda mchezo. Nikalala mara baada ya isha, nikaamka usiku mkubwa nyumba nzima imelala, nikaingia robo saa kabla ya wakati ulioandikwa. Nikawakuta wamo katikati ya mchezo. Ilikuwa Juni, na Juni watu wa New York hawamo kwenye EST, wamo kwenye EDT, saa zao za kiangazi. Saa zao wanazisogeza mbele mwezi wa Machi na kuzirudisha Novemba, na kipindi hicho saa moja yao ni saa nane yetu. Sisi saa zetu hazisogei mwaka mzima. Msimulizi aliandika saa ya uongo, mie nikaifuata alivyoiandika, halafu mbele ya watu wote akaniambia kwamba meza yake inathamini wakati wa wenzake na kiti changu kesha mpa mwengine. Nilipomwonesha tangazo lake mwenyewe akasema kila mtu anaelewa EST maana yake ni saa ya New York. Kila mtu yupi? Discord ina alama ya saa ambayo ukiitia kwenye ujumbe kila msomaji anaiona kwa saa za kwake. Kuiandika ni kazi ya dakika moja, na hakuona haja.

Kundi jengine lilikuwa la Ulaya. Hawa saa zao zinafaa zaidi, Jumapili saa kumi ya alasiri kwao, ambayo wakati wa baridi ni saa kumi na mbili ya jioni kwetu. Nikacheza nao vikao kadhaa na walikuwa watu wazuri, hilo silifichi. Ramadhani ilipokaribia nikawaambia mapema kabisa: saa hiyo sisi tunaandaa futari, naomba mwezi huo tuchelewe kuanza kwa saa mbili, au mhusika wangu mumuache bandarini mpaka Idi. Nikajibiwa kwamba kanuni ya meza ni moja, ukikosa vikao viwili mfululizo unatolewa, na kanuni haina upendeleo. Watu hao hao Krismasi na mwaka mpya walifunga meza, na hakuna aliyetolewa. Nikatolewa. Hili mpaka leo linaniuma kuliko yote, kwa sababu hawa ndio niliokwisha kuwazoea.

Na kamera. Jamani, kwa nini kamera ni lazima katika mchezo unaochezwa kwa kusema? Naishi nyumba ya familia, usiku, watu wamelala chumba cha pili. Sauti nitatoa. Uso wangu kwa watu nisiowajua sitoi, na sidaiwi maelezo. Msimulizi mmoja akasema asiyewasha kamera anamtia wasiwasi. Na wasiwasi wangu je?

Meza hiyo hiyo tangazo lake lilijisifu kuwa inatumia karatasi ya X, ile aliyoibuni John Stavropoulos: mchezaji yeyote akiona jambo limemkwaza anaigusa, linarukwa, na hana haja ya kutoa sababu. Mambo yakafika kitandani baina ya wahusika wawili, yanasimuliwa kinaganaga. Nikaandika X. Msimulizi akasimamisha mchezo akaniuliza kwa nini. Nikasema sitaki tu. Akauliza tena, wengine wanacheka, mmoja akasema mchezo huu si wa watoto wa madrasa. Mnaitaja karatasi ya X kwenye tangazo ili muonekane watu wema, na siku mtu anapoitumia mnamhoji. Nilitoka kwa hiari yangu na nitatoka tena.

Meza za kulipia sina ugomvi nazo. Zipo za dola 15 na 20 kwa kikao, kwangu ni pesa nyingi, lakini bei inatajwa tangu mwanzo na msimulizi anafanya kazi. Ugomvi wangu ni na wale wanaoandika bure, unakuja kikao cha kutengeneza wahusika, unakesha, halafu mwishoni unaambiwa kuanzia wiki ijayo kuna mchango.

Sasa nije kwenu, Waswahili wenzangu, maana na nyinyi mna lenu.

Kule kwa wageni, nilipotaja tu kwamba natoka Zanzibar, msimulizi alisema basi mhusika wangu awe mganga wa kienyeji mwenye mifupa shingoni, itapendeza. Nikamwambia nimeshaandika binti wa nahodha. Akasema mabaharia anao wengi, mganga ndiye atakayenifaa mie. Nikaondoka. Nikasema nitafute wenzangu, wanaonijua. Nikapata kundi la Kiswahili la WhatsApp, vijana wa bara, nimeingia kwa furaha, nimejitambulisha: natoka Pemba. Jibu la kwanza kabisa: "Mpemba? Huyu mchawi moja kwa moja, hakuna haja ya kuchagua." Na vicheko vikafuata. Nikaeleza nataka baharia. Wakasema usitufiche mambo yenu huko. Kila nilipotupa dadu ikaanguka vizuri, wakasema nimeiroga. Kikao kizima!

Wageni walinitaka mganga, ndugu zangu wakanitaka mchawi. Kisiwa hiki kina mabaharia, wakulima wa karafuu, mafundi wa majahazi, walimu, wavuvi wa pweza, wacheza bao ambao hesabu za kete 64 wanazibeba kichwani bila karatasi. Hao wote hawawafai, ila mchawi? Mgeni asiyejua kitu nitamlaumu kidogo. Wewe unayejua Kiswahili, uliyesoma na Wapemba skuli moja, uliyenunua kwa Mpemba dukani mtaani kwenu tangu unatambaa, wewe huna udhuru.

Na jambo jengine la kwetu. Nikiuliza hapa Tanzania au Kenya nani anaendesha meza, najibiwa "nenda mbao za matangazo za Kiingereza, huko yamejaa." Anayenijibu hivyo mwenyewe anacheza kila wiki, na meza yake ni ya Kiingereza tupu ingawa wachezaji wote ni wa Dar na Nairobi. Nimemuuliza mmoja kwa nini, akasema kanuni zipo kwa Kiingereza. Basi sikilizeni. Januari 2023, baada ya wachezaji kuwaka moto kwa sababu Wizards of the Coast, kampuni inayouchapisha ule mchezo mashuhuri, ilitaka kubadilisha leseni yake ya kuwaruhusu wengine kutumia kanuni zake, kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za D&D chini ya leseni ya Creative Commons. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri, hata kuziuza, maadamu anataja zilikotoka. Kampuni ikazitoa pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili hakimo, na hakuna anayetuzuia kukitia. Kurasa kumi tu zinatosha kumuanzisha mpya: namna ya kutengeneza mhusika, namna ya kutupa dadu, namna ya kupigana. Wala D&D si lazima. Ipo michezo ambayo kanuni zake zote zimo kwenye ukurasa mmoja.

Mtu asinijibu "cheza peke yako." Ndiyo, Ironsworn ipo, inapatikana bure na inachezeka bila msimulizi, na nimeicheza. Nikitaka kukaa peke yangu nisingekuwa naamka saa nane za usiku kutafuta watu.

Ninachotaka kwenye uzi huu ni hiki. Anayeendesha meza kwa Kiswahili, au aliye tayari kuianzisha, aandike hapa chini: mchezo gani, siku gani, saa ngapi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, sauti au maandishi, nafasi ngapi, na kama mpya kabisa anachukuliwa au hachukuliwi. Maandishi ni bora kwangu, kwa sababu bando la sauti ya saa tatu si dogo, na umeme ukikatika kwenye maandishi unarudi ukaendelea ulipoachia. Saa tatu za usiku baada ya isha napatikana siku zote isipokuwa Ijumaa. Mhusika nimeshamuandika, ni binti wa nahodha, na habadilishwi.

Mwenye meza iliyojaa aseme imejaa. Mwenye kuniambia "tafuta utapata" apite bila kuandika.