Ulinganisho: mishumaa ya kalibu au mapambo ya jasi na saruji, kwa anayeanzia Pwani?

BintiChumbageni (Tanga)

Ndugu zangu, naomba mwongozo wenu kabla sijatoa fedha mfukoni. Nina chumba cha nyuma chenye madirisha mawili, jiko la gesi la plati mbili, mizani ya jikoni na kipimajoto cha kuchovya, na wapambaji wawili wa harusi hapa mjini pamoja na nyumba moja ya wageni ya Pangani wamekubali kuziangalia sampuli zangu. Mtaji unanitosha kuanza na jambo moja tu. Njia ya kwanza ni mishumaa minene ya kusimama, ya nta ya parafini. Ya pili ni mishumaa ya nta ya nyuki, ambayo wageni wanaipenda. Ya tatu ni kuachana na mishumaa kwa sasa, nikamimina sinia ndogo, vishikio vya mishumaa na vibao vya nakshi kwa jasi au saruji nyeupe. Zote zinahitaji kalibu, yaani chombo cha kumiminia kinachotoa umbo, na hapo pia sijaamua kama ninunue kalibu za silikoni zilizo tayari au nijifunze kutengeneza zangu. Video nilizotazama zimerekodiwa katika nchi za baridi. Ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaofanya kazi hii kwenye joto letu na unyevu wetu.

MamaUtambi (Dar es Salaam)

Dada, karibu. Nitazungumzia nta peke yake, kwa kuwa ndiyo niliyoishi nayo kwa miaka kadhaa.

Dukani usiombe "parafini" tu, maana wapo watakaokupimia mafuta ya taa, hasa ukivuka mpaka kwenda Kenya. Sema nta ya parafini ya mishumaa, kisha uliza inayeyuka kwa nyuzi ngapi. Kwa mshumaa wa kusimama wenyewe, usiotiwa ndani ya glasi, mimi sinunui nta inayoyeyuka chini ya nyuzi 58 za Selsiasi. Zipo zinazoyeyuka karibu na nyuzi 50, nazo ni nzuri kwa vikombe, lakini mshumaa mrefu wa nta hiyo ukikaa kwenye buti la basi la mchana kutoka Tanga hadi Dar utamfikia mteja ukiwa umeinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Jambo la pili la kuuliza ni kiasi cha mafuta kilichobaki ndani yake. Nta iliyosafishwa kikamilifu huwa na mafuta chini ya asilimia 0.5, na ile iliyosafishwa nusu huwa nayo zaidi. Wakati wa kaskazi hii ya pili hutoa jasho, na mshumaa ukaonekana umepakwa mafuta ya nywele.

Wengi huongeza stearini, ile nta ngumu itokanayo na mafuta ya mimea au wanyama, kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito wa nta. Hiyo huufanya mshumaa kuwa mgumu, mweupe usiopitisha mwanga, na huusaidia kutoka vizuri kwenye kalibu ya bati au ya aluminiamu. Manukato yana kazi ya kinyume chake, kwa kuwa ni mafuta na hulainisha nta, hivyo kwa mshumaa wa kusimama anza na asilimia 3, usivuke 5 kabla hujajaribu. Usihangaike na udi wa bei mbaya. Mafuta ya karafuu ya Pemba na yasmini yanatambulika na kila mtu anayeingia ukumbini.

Nta ya soya sikukatazi, ila ile laini ya vikombe huyeyuka karibu na nyuzi 50, hutoa madoa meupe kama ukungu juu yake, na kwetu huja kwa meli au ndege. Kwa kalibu za kusimama inabidi utafute iliyochanganywa maalumu.

Parafini hujikunja inapopoa na kuacha shimo kuzunguka utambi. Bakiza nta kidogo, toboa pale katikati kwa mti wa mishikaki, kisha mimina mara ya pili. Usiitazame sufuria ukiwa chumba kingine, wala usiiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Iwe ndani ya chombo kilichokaa kwenye sufuria ya maji. Mimi niliwahi kwenda kumfungulia mgeni mlango, nikarudi nikakuta moshi mweupe. Nilizima gesi nikafunika kwa mfuniko, na hadi leo namshukuru marehemu mama aliyenifundisha kuwa mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji.

MrinaAsali (Sikonge, Tabora)

Naheshimu maneno ya Mama Utambi, ila nta ya nyuki imepitwa haraka mno. Inayeyuka kati ya nyuzi 62 na 64, kwa hiyo hata joto la huko kwenu inalistahimili kuliko parafini nyingi, na ina harufu yake yenyewe, kwa hiyo gharama ya manukato unaiepuka. Katika misitu ya miombo ya huku Tabora na Katavi nta hupatikana kama zao la pili la asali, na ukinunua kwa warinaji moja kwa moja utapata iliyo nzuri.

Sasa kasoro zake, ambazo sitazificha. Nta ya mzinga wa gogo huja na masizi, mabaki ya nyuki na gundi yao, na uchafu huo ukibaki utaziba utambi, mwali ukafifia hadi kufa. Iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kitambaa cha pamba zaidi ya mara moja, iache igande, kisha kwangua ule uchafu ulioshikamana chini ya bonge. Usiipandishe kupita nyuzi 85, kwa kuwa rangi yake ya dhahabu hugeuka kuwa ya kahawia iliyochoka. Nta hii haijikunji sana, inanata, na katika kalibu ya chuma itakutoa machozi. Kwa nta ya nyuki tumia silikoni. Utambi nao uwe mnene kuliko ule wa parafini, kwa kuwa nta hii ni nzito kuyeyuka. Kwa ukumbi wa harusi wenye mishumaa 60 itakutia hasara, maana bei yake iko juu. Kwa ile nyumba ya wageni ya Pangani, mishumaa minane yenye sura ya mzinga itaeleweka.

FundiKidaka (Lamu)

Bi Chumbageni, mimi ni mtu wa jasi na saruji, nitajitahidi nisielemee upande wangu.

Wanaofikiri kumimina mapambo ni jambo la kigeni wakumbuke zidaka za nyumba za kale za hapa Lamu, vile vishubaka vya ukutani vyenye nakshi za plasta ya chokaa. Mafundi wale walichonga, hawakumimina, lakini jicho la mnunuzi wa Pwani limeshazoea nakshi nyeupe, na kibao kidogo chenye ua la nakshi hakihitaji maelezo mengi.

Jasi kwanza. Pima kwa mizani: gramu 100 za unga kwa gramu 60 hadi 70 za maji. Maji ndiyo yatangulie chomboni, kisha nyunyiza unga polepole juu yake, uache unywe maji kwa dakika moja au mbili, ndipo ukoroge bila kupiga kama unayetengeneza uji wa mtoto, kwa sababu kila kiputo unachoingiza utakiona usoni mwa kazi yako. Paka mchanganyiko kidogo kwa brashi kwenye nakshi za kalibu, halafu mimina uliobaki na ugonge meza mara kadhaa. Baada ya nusu saa hivi kitu kinatoka, nacho kitakuwa na joto. Jasi inapoganda hupata joto kali, na aliyetumbukiza mkono ndani ya ndoo ya jasi ili apate umbo la kiganja anaweza kuunguzwa vibaya kabla hajaweza kuutoa. Kutoka kwenye kalibu siyo kukauka. Kishike shavuni: kama ni cha baridi, bado kina maji. Wakati wa kiangazi nasubiri siku tatu au nne, wakati wa masika wiki nzima hainitoshi, na ukikipaka vanishi mapema unyevu utaifumua. Tena mfuko wa jasi ukiachwa wazi katika hewa yetu unanyonya maji, na unga wake hautashika vizuri, kwa hiyo nunua kidogo kidogo na ukifunge ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Saruji nyeupe na mchanga laini wa mto uliooshwa ni kazi ya mtu mvumilivu. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chumvi. Kitu hakitoki kwenye kalibu kabla ya saa 24, kisha kifunike kwa kitambaa kibichi kwa siku saba, maana saruji huendelea kupata nguvu hadi siku ya 28 na zaidi. Malipo ya uvumilivu huo ni chombo kinachokaa barazani na kunyeshewa bila kuharibika, wakati jasi ikilowekwa mara kwa mara hulika.

Kuhusu kalibu, tengeneza zako. Kalibu iliyo tayari anayo kila mtu, na sura ile ile utaikuta kwa muuzaji wa jirani. Mpe mchongaji wa milango kazi ya kukuchongea kibao kimoja cha mkono, kizibe vinyweleo kwa vanishi, kipake vaselini nyembamba, kijengee boksi la mbao, kisha mimina silikoni. Zipo za aina mbili. Ile inayogandishwa kwa kemikali ya bati haichagui sana kitu cha kunakiliwa, lakini hupungua ukubwa kidogo na huchakaa mapema. Ile ya platinamu hudumu na haipungui, ila ina wivu: ikigusa udongo wa kufinyangia wenye salfa, au hata glovu za mpira asilia, hubaki tepetepe isigande kabisa. Kwa mwanafunzi nashauri ya bati. Na kalibu uliyomiminia saruji usiimiminie tena nta, kwa kuwa ukali wa saruji huikwangua na mshumaa utatoka na uso uliofifia.

Mkaazi_wa_Maskati (Oman)

Samahani kwa kuingilia kati. Huku tulipo chetezo ndicho kitu kinachonunuliwa mwaka mzima. Je, anaweza kumimina vyetezo vya jasi vyenye nakshi hizo, akawatumia jamaa wa huku?

FundiKidaka (Lamu)

Ndugu yangu, hapana. Makaa ya udi hupita joto ambalo jasi inaweza kulivumilia. Maji yaliyofungamana ndani yake huanza kutoka kabla hata ya nyuzi 150, na kitu kinarudi kuwa unga. Chetezo kiachiwe mfinyanzi na tanuri lake.

MamaUtambi (Dar es Salaam)

Hapo umenikumbusha hoja niliyotaka kuitoa, na Fundi anisamehe. Napinga watu wanaomimina nta ndani ya vikombe vya jasi visivyozibwa. Jasi ina vinyweleo. Inanyonya nta iliyoyeyuka, na ukuta wa kikombe unaweza kugeuka kuwa utambi wa pili. Nimeona kikombe cha namna hiyo kikiwaka ukingoni mbele ya bibi harusi.

FundiKidaka (Lamu)

Sipingani nawe kuhusu vikombe. Ila kishikio kinachopokea mshumaa uliokwisha kuwa mshumaa, chenye kisahani cha bati katikati, sioni ubaya wake, na hicho ndicho nilichomaanisha.

MamaUtambi (Dar es Salaam)

Kwa kisahani cha bati nakubali. Bila hicho, sikubali.

Kijana_wa_Rongai (Kenya)

Niongeze mambo mawili mafupi. Rezini ya epoksi inavutia kwa macho, lakini inataka glovu, barakoa ya kemikali na hewa ya kutosha, na nyingi hulainika zikifika nyuzi 50 au 60, kwa hiyo isikaribie mshumaa. Halafu kuna watu wanaoshauri kuchanganya mafuta ya nazi kwenye nta ili mshumaa uwe "wa asili". Kwangu chupa ya mafuta ya nazi huganda asubuhi za Julai. Tanga mara nyingi hamtayaona yameganda, kwani yanayeyuka kwa nyuzi 24. Kwenye mshumaa wa kusimama yatakuharibia kazi.

BintiChumbageni (Tanga)

Nawashukuru wote, na nimeona ni adabu kurudi na majibu baada ya wiki tano.

Nilinunua kilo tano za nta ya nyuzi 58, stearini kidogo, na kalibu mbili tu zilizo tayari. Kiasi cha nta nilikipata kwa kujaza kalibu maji na kuyapima: kila mililita 100 za maji nilihesabu gramu 90 za nta, kisha nikaikausha kalibu kwa kitambaa na kuiacha usiku mzima, kwa sababu tone moja la maji linarusha nta ya moto. Sambamba na hilo, kwa ushauri wa Fundi, nilimwomba mchongaji wa barabara ya nane kibao cha ukubwa wa kiganja, na kalibu yake ya silikoni ya bati ilitoka safi isipokuwa pembe moja niliyosahau kuipaka vaselini.

Nilichukua mshumaa mmoja, kibao kimoja cha jasi na mshumaa mmoja wa nta ya nyuki wenye sura ya mzinga, nikaviweka juu ya bati la banda la kuku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mshumaa wa parafini ulilainika ukingoni lakini haukuinama. Mzinga haukubadilika. Kibao hakikubadilika, ila kuku walikidonoa, nadhani walidhani ni chokaa yao.

Wapambaji wameagiza vibao 40 vya jasi vya kuandikia majina ya meza, jambo ambalo sikulitarajia, na mishumaa 12 tu. Nyumba ya wageni imechukua mizinga minane, kama Mrina alivyosema. Kwa hiyo fedha ya awamu hii inakwenda kwenye jasi na silikoni, nayo parafini itangoja.

Limebaki swali moja kwa Mama Utambi: mshumaa wangu wa kipenyo cha sentimita saba unachimba shimo katikati na kuacha ukuta mzima kando. Nimeshauwasha kwa saa tatu mfululizo na bado. Nipandishe utambi saizi moja, au stearini ndiyo iliyozidi?

MamaUtambi (Dar es Salaam)

Umetia stearini asilimia ngapi?

BintiChumbageni (Tanga)

Kumi.

MamaUtambi (Dar es Salaam)

Rudi tano, na utambi upandishe saizi moja. Usibadilishe vyote kwa siku moja. Anza na utambi, ili ujue ni kipi kilichokuponya.