Tupeane uzoefu: njia za matembezi zinazopitika kwa kiti mwendo

Wakuu, alama ya kiti mwendo iliyobandikwa getini mara nyingi inahusu choo na maegesho tu. Kuhusu kilomita mbili zinazofuata haisemi kitu. Njia huhukumiwa kwa sehemu yake mbaya kuliko zote, na mita tatu za mchanga zinatosha kurudisha msafara mzima. Kwa hiyo tuweke vipimo hapa, tusiishie "panapitika".

#2
Ukipiga simu usiulize "panafaa?", maana mlinzi atajibu ndiyo kwa nia njema kabisa. Uliza penye ubana zaidi pana upana gani. Miongozo ya Marekani ya njia za nje inataka angalau sentimita 91, na kwenye njia nyembamba, kila mita 300 hivi pawe na uwanja wa mita 1.5 kwa 1.5 wa kupishana. Ulizia vizuizi vya pikipiki na geti la kuzunguka. Kisha omba picha ya sehemu mbaya, maana za mandhari watakutumia bila kuombwa.

#3
Mwinuko ndio unaoangusha wengi. Kupanda mita 1 kwa kila mita 20, yaani asilimia 5, hakuna kikomo cha urefu. Ukifika asilimia 8.33, umbali kutoka pa kupumzikia hadi pengine usizidi mita 61. Asilimia 10, mita 9. Asilimia 12, mita 3 tu.

Ramani yenye kontua (mistari inayounganisha sehemu za kimo kimoja) inasaidia: kama mistari imepishana mita 10 kwa kimo, umbali kati yake usipungue mita 200. Ila kontua huficha vibonde vifupi, na vibonde hivyo ndivyo vinavyokwamisha. Ukipima kwa pimamaji ya simu, angalia inasoma digrii au asilimia. Digrii 5 ni karibu asilimia 9, na watu wengi huchanganya hapo.

#4
Naongezea mlalo wa upande, unaosahaulika sana. Njia inaweza kuonekana tambarare lakini ikalalia bondeni. Kiti kinavutwa chini, mkono wa upande wa bonde unasukuma peke yake na wa pili unafunga breki muda wote. Bega linaumia kabla ya kilomita kwisha. Kwenye lami au zege isizidi asilimia 2 hivi, kwenye udongo 5.

#5
Kuhusu uso wa njia: kokoto za mviringo hazishikani hata zikishindiliwa. Mawe yaliyopondwa pamoja na vumbi lake hushikana vizuri. Kanyaga kwa kisigino; kikiacha shimo, magurudumu ya mbele ya sentimita 10 hadi 13 yatazama. Kwenye njia za mbao, mbao zikatize mwelekeo wa safari na mapengo yasizidi milimita 13. Zikilazwa kwa urefu, gurudumu dogo hunasa na aliyeketi hurushwa mbele.

Gurudumu kubwa la ziada linalofungwa mbele huinua yale madogo yasiguse ardhi, na hapo nyasi na changarawe hupitika. Linataka kibao cha miguu kilicho kipande kimoja, imara. Viti vya kukunja vyenye vibao viwili huhitaji kiunganishi chake.

#6
Mnatafuta wapi? Anzeni na reli zilizong'olewa, kingo za mifereji na barabara za juu ya mabwawa. Treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo tuta lake ni la mteremko mdogo tangu lilipojengwa. Wheelmap, ramani ya mtandaoni ya maeneo yanayofikika kwa kiti mwendo iliyoanzia Berlin mwaka 2010, hutumia kijani, njano na nyekundu, lakini rangi hizo zinahusu zaidi ngazi za kuingilia, haziwaambii mwinuko wa njia. Kwa hilo fungueni OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayojazwa na watu wa kujitolea, msome aina ya uso, ulaini na mwinuko wa kipande kimoja kimoja, kama kimejazwa.

#7
Wenye viti vya mota: betri ikipungua theluthi moja, geuzeni. Mlima, baridi na udongo laini huila haraka kuliko lami. Na aliyeumia uti wa mgongo kuanzia T6 (pingili ya sita ya mgongo, usawa wa kifua) kwenda juu hatoi jasho la kutosha chini ya jeraha, kwa hiyo chupa ya kujipulizia maji usoni na mikononi isikosekane, hata njia ikiwa fupi.

#8
Mkileta picha wekeni futi ya kupimia ndani yake, na tarehe. Mvua moja kubwa huchimba mfereji katikati ya njia, na kipimo cha kabla yake hakifai tena.