Nina Jumamosi mbili kwa mwezi, nijitolee wapi pwani ya Mtwara?

Binti wa Mikindani
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Nafundisha shule ya msingi hapa Mikindani, nina Jumamosi mbili kila mwezi. Mwaka juzi kuna kikundi kilitualika kupanda mikoko. Tulichomeka mamia ya mbegu mbele kabisa, pale wimbi linapovunjika, tukapiga picha, tukaondoka. Kusi ilipovuma nikarudi kuangalia: zilizobaki hazikuzidi ishirini. Iliniuma sana. Sitaki tena kazi ya siku moja. Nianzie wapi?

Kijana Shangani
Dada, njoo tuokote taka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa za maji zinaletwa kila bamvua, maji yanapojaa sana. Tunaanza maji yakishatoka.

Mama Msimbati
Marahaba mwanangu, na pole. Mbegu zenu zilikuwa nzima, mahali ndipo palipokosewa. Mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu kama ganda la mlonge, hauhimili wimbi. Kule mbele ni kwa mlilana, aina nyingine ya mikoko, na mlilana usipokatwa unajiotea. Mkoko unakaa nyuma yake, kandokando ya vijito vya maji ya chumvi. Okota mbegu iliyoiva: shingo yake imeingia njano, na ukivuta kofia inaachia bila kulazimishwa. Ncha chini, theluthi moja kwenye tope, basi. Ila kwanza uwaone serikali ya mtaa na watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, maana mikoko yote ni hifadhi.

Halafu rudi. Kila bamvua rudi, uondoe vipande vya nyavu na majani ya bahari yaliyozonga miche. Hapo ndipo watu hukosekana, mwanangu.

Huku kwetu, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi, kasa wanapanda usiku kutaga. Nilimwona mmoja akifukia mayai, anarusha mchanga kwa makasia ya mbele, machozi yanamtoka. Vitoto huchukua kama miezi miwili, na vikitoka vinafuata mwanga. Kurunzi ya mtu mmoja inavipeleka porini badala ya baharini. Waeleze wanafunzi wako hilo, wakalifikishe majumbani.

Binti wa Mikindani
Asante sana mama. Jumamosi hii naanza na mwenyekiti wa mtaa. Ile miche iliyobaki mbele, niing'oe nikaipande nyuma?

Mama Msimbati
Usiiguse, imeshashika. Ihesabu bamvua ijayo, uniambie.