Garanti ya miezi sita Lubumbashi: komini iwatie faini wenye nyumba?

Mwalimu wa Kampemba
Wandugu, naleta swali tujadiliane. Sheria ya Kongo ya 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba inasema garanti, ile pesa ya dhamana mpangaji anamwachia mwenye nyumba, kwa nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Hapa Lubumbashi nani anaifuata? Nimezunguka Bel-Air, Kalubwe, hadi Bongonga, natafuta vyumba viwili na saloni. Kila mlango ni miezi sita, mbele, dola mkononi. Komisionere, yule dalali wa nyumba, naye anataka mwezi wake mzima, na kabla ya hapo amekwisha kudai pesa ya kutembeza mtu, hata kama nyumba yenyewe ilishachukuliwa wiki iliyopita. Nyumba ya dola 150: garanti 900, komisionere 150, mwezi wa kwanza 150. Ni dola 1,200 kabla sijaingiza kitanda. Mimi ni mwalimu, mshahara wangu ni franki. Maoni yangu: ofisi ya Habitat, ile ya mambo ya nyumba, katika kila komini (sehemu ya mji) ipite lupango kwa lupango, yaani kiwanja kwa kiwanja, iangalie mikataba, na anayezidisha miezi mitatu alipe faini. Mnasemaje?

Mama wa Katuba
Mwanangu, umeongea vizuri lakini umeongea upande wako. Mume wangu alitoka Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, 2003 katika ile départ volontaire, kuacha kazi kwa hiari, pamoja na wenzake zaidi ya elfu kumi. Pesa waliyopewa ndiyo ilijenga vyumba vinne nyuma ya nyumba yetu. Baba alishafariki. Mimi nakula kodi, sina kingine. Lokatere, mpangaji, anaingia kwa upole, miezi mitatu analipa, wa nne anasema mshahara umechelewa, wa tano simu imezimwa. Nimpeleke tribinali kwa pesa gani? Garanti ndiyo askari wangu.
Tena niseme wazi: mtu mwenye watoto saba anakuja kupanga vyumba viwili, huyo ananitafutia matatizo. Fosi, shimo la choo, inajaa kabla mvua haijaisha, kuta zote makaa, robine ya maji inavunjika. Wenye watoto wengi siwachukui tena, hata walete miezi kumi.

Papa Watoto Sita
Mama wa Katuba, heshima yako naitunza, lakini hapo umenichoma. Nina watoto sita. Hakuna hata mmoja aliyevunja robine ya mtu. Huko Ruashi nilirudishwa mlangoni kabla sijataja jina langu, kwa sababu nilikuja na mke wangu na wale wadogo wawili. Komisionere akanivuta pembeni: "Papa, sema una wawili, wengine utawaingiza usiku." Mimi niwaingize watoto wangu usiku kama mali ya wizi?
Na wewe mume wako alikuwa mtu wa Gécamines. Unajua vizuri kambi zile zilikuwa za familia. Tangu enzi za Union Minière, iliyokuwepo kabla ya Gécamines, kampuni ilikuwa inampa mfanyakazi posho ya unga kwa kuhesabu mke na watoto, na watoto wakazaliwa katika hospitali ya kampuni. Leo mtoto amekuwa panya?

Mama wa Katuba
Neno panya limetoka kwako, baba, soma tena niliyoandika. Mimi naongea fosi. Gari la kunyonya haliingii avenyu yetu, linakwama kwenye mashimo. Natafuta vijana wanatoa kwa ndoo usiku, nawalipa mimi, na jirani wananitukana mimi asubuhi. Lokatere amelala.

Binti wa Kenya
Wakati mnagombana juu ya watoto, mwanamke peke yake naye mnamweka wapi? Mimi wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nina kazi, nalipa tarehe moja kila mwezi. Swali la kwanza huwa "bwana yuko wapi?" Nikisema sina, bei inapanda au nyumba inakuwa imechukuliwa. Mwenye nyumba mmoja alitaka kaka yangu aje kutia sahihi. Kaka yangu ni mdogo kwangu, na mimi ndiye nilimlipia minerval, karo ya shule.

Fundi Bomba
Naomba niseme kuhusu fosi maana ndiyo kazi yangu, mnamtupia mtoto kosa lisilo lake. Lupango nyingi za Katuba, Kenya, Kamalondo, fosi ilichimbwa kwa familia moja. Halafu mwenye nyumba akajenga vyumba nyuma, akapangisha familia nne, fosi ni ileile. Maji ya kufulia nayo yanamwagwa humo humo. Lile shimo la pili la kunywesha maji ardhini limeziba matope na mafuta ya sabuni, halinywi tena. Ikifika mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ardhi yenyewe imeshiba, maji yaende wapi? Yanarudi juu. Hata ukiweka mabibi wawili wasio na mtoto, itajaa.
Kitu kinachoniogopesha mimi si harufu. Ni kisima. Watu wamechoka kungoja maji ya Regideso, kampuni ya maji, wamechimba kisima ndani ya lupango hiyohiyo, hatua chache kutoka kwenye fosi. Kila mvua tunasikia kolera, tunashangaa.

Mama wa Katuba
Fundi, kisima changu kiko mbele, fosi iko nyuma.

Fundi Bomba
Mama, na fosi ya jirani wa mbele iko wapi?

Mwalimu wa Kampemba
Wandugu, tafadhali. Swali lilikuwa garanti.

Komisionere wa Carrefour
Mnatutaja kama wezi, basi niwaeleze garanti inafanya nini, maana ninyi mnaiona siku moja tu, ile ya kulipa. Mimi naiona kila siku. Mwenye nyumba HANA garanti ya mtu. Ilishaliwa. Iliingia kwenye mabati, kwenye minerval ya watoto, kwenye kilio cha ndugu. Lokatere akisema natoka, mwenye nyumba anaogopa, ananipigia: "Niletee mwingine haraka, atoe miezi sita, wa zamani ananidai minne." Pesa ya yule anayeingia ndiyo inamlipa yule anayetoka. Ndiyo maana mtu anakaa miezi miwili mitatu akidai garanti yake: nyumba bado haijapata mtu mpya. Na ndiyo maana miezi haishuki. Ukimlazimisha mwenye nyumba apokee mitatu wakati anadaiwa minne, ule mmoja autoe wapi?
Kuhusu mwezi wangu: natembea kwa mguu kutoka Carrefour hadi Kalubwe, jua langu, viatu vyangu. Watu kumi nawatembeza, mmoja ndiye anayelipa.

Mwalimu wa Kampemba
Ndugu yangu, umesema jambo kubwa kuliko unavyofikiri. Basi garanti si ulinzi tena. Mtu asiye na nyumba anamkopesha mwenye nyumba, bila karatasi, bila riba, bila tarehe ya kurudisha. Mwalimu anamjengea mwingine vyumba, halafu anaomba chake kwa magoti.
Na angalieni franki. Mwaka 2020 dola ilikuwa kama franki 2,000. Mwaka 2024 ilishafika 2,800. Mwenye mshahara wa franki alikuwa anapandishiwa kodi kila mwezi hata pale mwenye nyumba hajaongeza dola moja. Nikichelewa wiki moja naitwa mdanganyifu.

Mwanafunzi wa Kassapa
Hata dola zenyewe wanazichagua! Nilileta noti ya 20 yenye alama ndogo ya kalamu pembeni, mama mwenye nyumba akaigeuza, akaishika juani, akaikataa. Noti ileile aliyonipa nduguye kwenye duka. Sisi wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, tunapanga watatu chumba kimoja, tunaleta pesa kutoka kwa wazazi watatu, na tukikuta noti moja imepasuka kidogo mkataba umevunjika.

Binti wa Kenya
Noti za zamani zile zenye kichwa kidogo ndizo kabisa! Kwa wabadilishaji wanazichukua wakikata kitu juu yake.

Komisionere wa Carrefour
Noti iliyopasuka hata mimi siichukui. Nitaipeleka wapi?

Mwenye Nyumba Golf
Nimesoma yote. Wazungu wa migodi, Wachina, watu wa makampuni wanaokwenda Kolwezi na Likasi wanalipa mwaka mzima mbele, hawaulizi sheria wala hawalii. Soko ndilo linaamua. Lupango ni langu, nimenunua, nimejenga, ninapanga bei yangu na garanti yangu. Asiyeweza Golf kuna Annexe, huko pembezoni mwa mji.

Wakili Kijana
Ndugu wa Golf, lupango si lako kwa namna unavyosema. Tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Wewe una haki ya kuitumia, una karatasi, na majengo ni yako. Kwa hiyo Serikali kukuwekea mpaka wa garanti si wizi.

Mwenye Nyumba Golf
Serikali ilileta tofali gani? Umeme sina tangu juzi, nawasha jenereta. Barabara tulichanga wenyewe majirani. Wewe wakili wa kwenye simu, umewahi kununua hata mfuko mmoja wa saruji?

Wakili Kijana
Nimepanga tangu nilipotoka kwa baba yangu, ndiyo maana sheria hii naijua. Kuhusu saruji, siku nitakayoinunua sitamwambia mtu "kuna Annexe" kama vile Annexe hakukai watu.
Mama wa Katuba ameuliza ampeleke lokatere tribinali kwa pesa gani. Mama, mgogoro wa kodi unaanzia Habitat, kwenye komini yako. Pale wanaita pande mbili wazipatanishe kabla ya tribinali. Lakini waletee mkataba ulioandikwa. Wengi wenu mna daftari la shule lenye sahihi mbili na tarehe imefutika, wengine hamna hata hilo. Na hamtaki kuandika kwa sababu mkiandika, kodi ya Serikali juu ya mapato ya nyumba nayo itawafuata. Hapo ndipo penyewe, na hapa hakuna aliyepagusa.

Mama wa Katuba
Nimeshafika huko Habitat. Waliniomba pesa ya karatasi, pesa ya usafiri wa yule wa kumfuata lokatere, na mara ya pili wakaniomba tena. Lokatere alikuwa ameshahama na balbu zangu. Ndiyo hao mwalimu anataka wapite lupango kwa lupango na daftari la faini? Watapita, naam. Kila wiki watapita. Na hiyo wanayoita faini nitaiongeza kwenye kodi, ataibeba nani?

Mwalimu wa Kampemba
Mama, kwa hiyo kwa sababu ofisi inakula, na wewe ule? Mimi nabeba zote mbili.

Mama wa Katuba
Usiniambie nakula, mwalimu. Umri wangu si wa kuambiwa hivyo na mtu ninayemwita mwanangu. Sikiliza. Miezi mitatu naweza kuipokea, kesho, bila komisionere kati yetu. Mkataba uandikwe, mwajiri wako atie muhuri kwamba unafanya kazi kwake, kodi ifike kabla ya tarehe tano. Na vidange, pesa ya kutoa uchafu wa fosi, tugawane, familia kwa familia. Hayo naweza. Watoto sita kwenye vyumba viwili siwezi, nimeshasema.

Komisionere wa Carrefour
Bila komisionere? Mama, wale wapangaji wako wawili wa sasa nani alikuletea?

Papa Watoto Sita
Muhuri ninao. Kodi kabla ya tarehe tano nalipa, miaka yote. Kugawana vidange nakubali, na fundi ameeleza hapa kwamba shimo lenu mlichimba dogo wenyewe. Bado mlango umefungwa, si kwa pesa, ni kwa watoto. Basi mwalimu, hiyo miezi mitatu unayoipigania mimi itanifikia kwa njia gani? Garanti inadaiwa mtu aliyekwisha kubaliwa. Mimi sijafika hapo. Komini ikianza kutia faini, ianze na yule anayehesabu watoto mlangoni.

Fundi Bomba
Papa, kuna lupango Kampemba juu ya barabara, vyumba vitatu, fosi nilichimba mimi mwenyewe na ni kubwa. Mwenyewe ana watoto nane. Anadai miezi mitano.