Viti vyote 100: gumzo la familia ya Buyenzi, Bujumbura

*Kikundi: UKOO WA BABU RAMADHANI. Juni 2025*

Shangazi Mwajuma (Kigoma): Asalaam aleikum nyote. Redio imesema chama kimoja kimechukua viti vyote 100 vya Bunge huko nyumbani Burundi. Nimesikia sawasawa?

Hawa: Wa aleikum salaam shangazi. Umesikia sawasawa. CNDD-FDD, chama tawala, asilimia 96 na ushee, viti 100 kwa 100. Hakuna chama kingine kilichofika asilimia 2 ya kura za nchi nzima, na chini ya hapo sheria haikuingizi bungeni hata kwa kiti kimoja.

Shangazi Mwajuma: Hata UPRONA? Chama cha Rwagasore, kilichotuletea uhuru?

Hawa: Hata UPRONA. Na CNL pia, chama cha upinzani cha Rwasa, ambayo 2020 ilikuwa na viti 32. Rwasa aliondolewa kwenye uongozi wa CNL mwaka jana, wizara ya mambo ya ndani ikawatambua viongozi wapya, kwa hiyo uchaguzi huu hakuwemo.

Shangazi Mwajuma: Subhanallah. Basi ile 60 kwa 40 ya makubaliano ya amani ya Arusha imefutwa? Watutsi hawamo tena?

Hawa: Wamo shangazi. Haijafutwa. Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasiopungua 30, na Watwa watatu. Kura zikishahesabiwa, tume inaongeza wabunge mpaka mizani ikae. 2020 waliongezwa 23, wakawa 123. Safari hii 11, watakuwa 111. Kwa upande wa kabila hesabu imetimia kabisa.

Shangazi Mwajuma: Imetimia, lakini moyo wangu haujatulia.

Issa: Shikamoo shangazi. Wangu ulishakataa kutulia siku nyingi. Mimi nasema huo mgao wa kabila uondolewe. Nimepanga foleni nimepaka wino kidole, nimerudi gereji, magari yamelala hakuna mafuta. Nani atanisemea bungeni? Mhutu? Mtutsi? Mimi ni Mmanyema wa Buyenzi, baba wa babu yangu alitoka Kongo. Safu yangu haipo kwenye karatasi yao.

Selemani: Shemeji Issa, pole kwa mafuta. Ila hilo la kuondoa mgao tulizungumze taratibu.

Issa: Tulizungumze, shemeji. Seneti yenyewe imeanza kuuliza watu tangu Julai 2023. Katiba ya 2018 iliipa miaka mitano kutathmini kama mgao wa kabila uendelee au ukome. Kwa hiyo sijatukana mtu.

Nuru: Shikamoo Mama Mkubwa. Babu ametuma sauti kwangu, anasema bando lako halifungui sauti, nikuandikie. Ngoja.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Andika, na usimkate maneno.

Nuru: Babu anasema:

"Mwajuma mwanangu, salama. Issa anasema hana safu. Kweli hana. Hata Waganwa, ukoo wa wafalme, hawana, na Rwagasore mwenyewe alikuwa Mganwa. Septemba 1961 UPRONA ilichukua viti 58 katika 64, ndani mna Wahutu na Watutsi, na sisi Waswahili wa Buyenzi tulikuwa nyuma yake. Marehemu baba alikuwa akitembea usiku kuwakusanyia watu. Mwezi wa kumi wakamuua Rwagasore. Kwa hiyo chama kimoja kushinda karibu viti vyote si jambo geni kwangu. Nataka Issa alijue hilo kwanza, maana vijana mnadhani kila kitu kimeanza na simu.

Halafu ajue ya 1993. Tarehe 1 Juni Ndadaye, Mhutu, alishinda urais kwa karibu asilimia 65. Watu walicheza ngoma barabarani, na wengine walifunga madirisha. Nilikuwa na rafiki mtaa wa Ngagara, Mtutsi, fundi cherehani. Aliniuliza: 'Ramadhani, sasa kila uchaguzi watakuwa wengi, mimi nitashinda lini?' Sikuwa na jibu. Oktoba 21 askari wakamuua Ndadaye, na Mhutu naye akauliza: 'Nikishinda mnaniua, mimi nitatawala lini?' Hilo nalo sikuwa na jibu. Arusha ilikwenda kutafuta jibu la hao wawili."

Ameishia hapo, anakunywa dawa. Ataendelea.

Selemani: Mimi nimekulia Ngagara. Swali la huyo fundi nililisikia kwa baba yangu kila siku. Shemeji Issa, wewe umezaliwa 2001, makubaliano yalikwisha kutiwa saini Agosti 2000. Huzikumbuki siku ambazo mtoto wa Kitutsi analala akijua kura pekee yake inaweza kumtoa kila mahali, na mtoto wa Kihutu anajua jeshi lote liko upande wa pili. Leo jeshi ni nusu kwa nusu kwa mujibu wa katiba. Kaka yangu ni sajini, chumba kimoja na Mhutu wa Ngozi, watoto wao wanaitana binamu. Hiyo si siasa ya redioni. Naiona kila Idi.

Issa: Shemeji, jeshi sigusi. Nasema Bunge.

Shangazi Mwajuma: Issa, jeshi ndilo lililonifikisha Kigoma. Machi 1995 walipoingia Bwiza na Buyenzi tulivuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, na nguo tulizovaa, kisha mtumbwi ziwani. Baba alibaki, amejaza watu chumba cha nyuma hata mlango haufungi. Wahutu wa avenyu yetu, na mke wa jirani Mtutsi aliyeogopa kutoka. Hakuuliza safu.

Issa: Najua shangazi. Nisamehe kama nimezungumza kwa ukali. Lakini hebu nisaidieni: kama mgao ulikuwa wa kutufanya tusikilizane, mbona sasa mgao upo na wa kusikilizana naye bungeni hayupo?

Hawa: Hilo ndilo swali lenyewe.

Nuru: Nami nina la kusema, sikuwahi kulileta hapa. Kabla ya orodha kupelekwa kwenye tume, watu wa chama fulani walikuja kazini kwangu. Chama sikitaji. Walikuwa na karatasi: namba, jina, jinsia, kabila. Sheria ni kwamba katika kila wagombea watatu wanaofuatana, wawili tu ndio wanaweza kuwa wa kabila moja. Namba moja na namba mbili zilikuwa na majina kwa kalamu ya wino, wote Wahutu. Namba tatu jina halipo. Lakini kwenye jinsia wameshaandika "mwanamke" na kwenye kabila "Mtutsi", kwa penseli.

Hawa: Eh!

Nuru: Nikawaambia baba yangu ni Mhutu wa Gitega, na kwetu mtoto hufuata baba. Wakasema, "Bibi yako mzaa baba si Mtutsi? Kabila mgombea anajitaja mwenyewe, na kwenye kitambulisho halimo." Hawakuniuliza nafanya kazi gani, nafikiri nini kuhusu bei ya mchele, wala kama nakipenda chama chao. Walikuwa wanatafuta mtu wa kutoshea kwenye ile penseli. Nilikataa.

Shangazi Mwajuma: Umefanya vizuri mwanangu.

Selemani: Nuru, hili limeniuma kuliko unavyofikiri. Maana hiyo nafasi iliwekwa kwa ajili ya watu kama baba yangu. Iliwekwa ili aingie mtu anayejua hofu yao na awe na ubavu wa kuisema. Akiingia mtu aliyechaguliwa na wakubwa wa chama ili ajaze mstari, anamwakilisha aliyemwandika.

Issa: Ndicho ninachosema tangu asubuhi!

Selemani: Hapana shemeji, wewe unasema tuuondoe. Mimi nasema umechomolewa meno.

Hawa: Selemani, naomba nieleze yalivyochomolewa, maana hili nalifundisha darasani na wengi hawalijui.

Katiba ya 2005 ilikuwa na kufuli mbili. Moja ya kabila, hiyo mnaijua. Ya pili ilikuwa ya vyama. Makamu wa Rais walikuwa wawili, wa makabila tofauti NA vyama tofauti. Chama kilichopata asilimia 5 ya kura kilikuwa na haki ya kupewa wizara, kulingana na viti vyake. Na sheria ilihitaji theluthi mbili za wabunge waliohudhuria, kwa hiyo mwenye wengi alilazimika kwenda kuongea na wengine.

Bunge la 2005 lilikuwa na wajumbe 118: CNDD-FDD 64, FRODEBU (chama cha Ndadaye) 30, UPRONA 15, na vyama vidogo viwili, pamoja na Watwa watatu. Wote hao walibishana, walisusa, walirudi. Palikuwa na kelele kweli. Kuna miezi Bunge lilikwama kabisa, sitaficha.

Issa: Na 2018?

Hawa: Kura ya maoni ya Mei 2018 ilibakiza kufuli ya kabila na kulegeza ya vyama. Haki ya wizara kwa asilimia 5 ikatolewa. Theluthi mbili kwa sheria za kawaida ikatolewa, wingi wa kawaida unatosha. Makamu akawa mmoja, na kazi za kila siku za serikali zikaenda kwa Waziri Mkuu. Kwa hiyo sasa chama kimoja kinaweza kutimiza 60 kwa 40 chenyewe ndani ya nyumba yake, kikatunga sheria chenyewe, na hakuna kifungu cha mgao kilichovunjwa.

Issa: Kwa hiyo mtu akisoma kabila tu anaona picha kamili.

Hawa: Ndiyo. Na Seneti itakuwa vilevile mwezi ujao. Kila mkoa unatoa Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Mikoa ilipokuwa 18 walikuwa 36 wa kuchaguliwa. Sasa mikoa ni mitano, watakuwa 10. Nusu kwa nusu barabara, na wanaowapigia kura ni madiwani, ambao mnajua ni wa chama gani.

Selemani: Na hiyo hiyo Seneti ndiyo yenye tathmini ya mgao mkononi.

Hawa: Hiyo hiyo.

Nuru: Babu amerudi. Anasema:

"Nimemsikia Hawa. Mimi sikusoma katiba lakini hilo la kufuli mbili nililiona kwa macho. 2015 watu walipoingia barabarani kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, nilisimama mlangoni kuangalia wanaopita. Watu wa mitaa ya Musaga, Nyakabiga, Cibitoke. Wahutu na Watutsi pamoja, na waliokuwa upande wa pili nao mchanganyiko. Nikamwambia bibi yenu, Allah amrehemu, ugomvi umehama. Zamani ulikuwa wa damu, sasa ni wa nani yumo na nani hayumo. Ulikuwa ugomvi mbaya, watu wamekufa, watu wamekimbia. Lakini hakuna aliyekuja kwangu kuuliza nani Mhutu nani Mtutsi. Hiyo ni kazi ya Arusha na nitaitetea mpaka naingia kaburini.

Issa, nakuomba usibomoe ukuta kwa sababu paa linavuja. Rudisheni paa. Nimemaliza."

Shangazi Mwajuma: Baba, Mungu akupe umri. Mwalimu Nyerere, msuluhishi wa Arusha, alikufa 1999 hajaona saini, Mandela akamalizia. Sisi huku kambini tulikaa kwenye redio siku ile ya Agosti 2000 kama watu wanaosubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Naomba msiyachezee makubaliano yale.

Issa: Babu, nimekusikia na nakuheshimu. Bado kuna jambo halinitoki. Mwanangu akizaliwa, akitaka kugombea, atajitaja nani? Atadanganya kama Nuru alivyoombwa adanganye? Miaka 25 ya ile saini, na Mswahili wa Buyenzi lazima achague kabila la kuazima.

Selemani: Hilo shemeji sina pingamizi nalo. Ni kweli na ni dhuluma. Kwa jirani wa Buyenzi na kwa Mganwa.

Hawa: Watwa wenyewe wamepewa watatu na wanaambiwa washukuru. Hawachaguliwi, wanateuliwa. Ukiwauliza wanataka waingie kwenye orodha kama wengine, juu, wala si kuongezwa mwishoni.

Nuru: Mimi nadhani tatizo la Issa na tatizo la Shemeji Selemani yanatoka mlango mmoja. Orodha anaipanga mkubwa wa chama. Mpiga kura anapewa orodha nzima, hana ruhusa ya kumkata mtu wala kumpandisha. Kama mtu wa Ngagara angeweza kumpigia alama Mtutsi anayemwamini ndani ya orodha, na mtu wa Buyenzi akampandisha Mswahili mwenzake, ile penseli isingekuwa na kazi.

Hawa: Nuru, hilo andika. Kweli. Kuna watu wanapeleka maoni, tupeleke na letu.

Issa: Bado sikubaliani na Babu kwamba safu za kabila zibaki milele. Lakini asilimia 5 ya wizara nataka irudi, na theluthi mbili irudi, na mpiga kura aruhusiwe kuchagua jina. Hayo natia saini leo.

Selemani: Nami natia saini, na naongeza: safu ya nne kwa asiyetaka kujitaja.

Issa: Shemeji! Hiyo umeniwahi.

Hawa: Kuna shida moja hapo, Selemani. Ukiweka safu ya nne, vyama vitawajaza humo watu wao halafu 40 yako ipungue. Lazima isikatwe kutoka kwa Watutsi wala Wahutu, iwe juu ya hesabu, kama Watwa.

Selemani: Sawa. Iwe juu ya hesabu. Babu atakubali?

Nuru: Nimemsomea. Anauliza safu hiyo itaitwaje.

Issa: Mwambie tutamletea jina Jumapili baada ya alasiri, nakuja na Hawa na daftari. Shangazi, washa simu saa hiyo, nakutumia bando.